Tembo Fundi Bomba

"Baba, mwalimu wetu hajui kusoma."

Walikuwa hawajafika hata kona ya kwanza kutoka kituoni. Fundi Cheche, mchomeleaji wa mageti na madirisha, alikuwa ametundika begani begi la binti yake, lile dogo lenye picha ya kipepeo, na kwa mkono mwingine amemshika mwenye begi. Akacheka.

"Mwalimu asiyejua kusoma, mwanangu? Si ndiyo kazi yake?"

"Hajui. Leo ametusomea kitabu chetu cha tembo, akakosea tangu neno la kwanza. Eti tembo amepotea njia! Nikamwambia, mwalimu, huyo tembo ni fundi bomba, anakwenda kuziba bomba la sungura lililopasuka. Akasema hapana. Nikamwambia, baba yangu anakisoma kila siku, anajua. Akaangalia kitabu, akaniangalia mimi, akanyamaza." Mtoto akaruka kidimbwi. "Nadhani aliona aibu."

Kicheko kikamkauka Fundi Cheche mdomoni.

Mtoto huyu alikuwa na miaka sita, na mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Wakili. Bibi yake ndiye aliyempachika jina hilo, siku alipomkuta akibishana na muuza maziwa kwamba kipimo hakikujaa, na muuza maziwa, mtu mzima na ndevu zake, akaongeza. Ukimwambia Wakili jambo, atakuuliza umejuaje, nani alikuwepo, na kwa nini jana ulisema vingine. Kwa hiyo aliposema mwalimu hajui kusoma, hayakuwa maneno ya hivi hivi. Alikuwa na ushahidi.

Na ushahidi wenyewe ulikuwa baba yake.

Kituo walichotoka kilikuwa jengo refu la mabati, zamani ghala la magunia. Upande mmoja walikaa watoto. Upande wa pili, nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, lilikuwa darasa la watu wazima waliokuwa wakijifunza kusoma na kuandika. Katikati palikuwa na chumba kidogo chenye mizani ya kupimia watoto, benchi la kusubiria, na meza ya Dada Ustawi, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka ambaye kazi yake ilikuwa kuzijua nyumba za watu: wapi kuna mgonjwa, wapi wamegombana, wapi mtoto ameacha kula. Kila Ijumaa watoto waliazima vitabu, kwa sharti moja tu. Kitabu lazima kisomwe na mtu wa nyumbani.

Mama Wakili alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali na alirudi jua likizama, mgongo umemwisha. Basi kusoma kukamwangukia baba. Siku ya kwanza alikaa kizingitini, mtoto ameoga na ananukia sabuni, akafungua kitabu kama mtu anayefungua chumba asichojua kimefungiwa nini. Ndani mkawa na herufi, nyingi, zimejipanga kama siafu. Namba alizijua. Futikamba ingemtii hata kizani. Lakini herufi zilikuwa ukuta. Utotoni wazazi wake waliachana, akawa analelewa mara kwa shangazi, mara kwa mjomba, na kila mmoja akadhani mwenzake ameshamwandikisha shule. Mpaka walipokuja kuulizana, yeye alikuwa na ndevu.

"Soma, baba," Wakili akasema.

Fundi Cheche akaangalia picha. Palikuwa na tembo amebeba ndoo. Palikuwa na sungura analia, na maji yanamwagika kila mahali. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye kazi za mikono, angeona nini tena?

"Palikuwa na tembo mmoja," akaanza, "fundi bomba maarufu..."

Na hadithi ikaja. Ikaja na ndege mvivu, msaidizi wa tembo, ambaye kila akitumwa spana analeta kijiko. Ikaja na sungura aliyekata bomba mwenyewe akitafuta karoti, halafu akasingizia panya. Wakili alicheka mpaka akalala chali. Kesho yake akataka tena, na kesho yake tena, na Ijumaa ilipofika akakataa kukibadilisha. Miezi mitatu walikaa na tembo yule. Katika miezi hiyo yote mtoto hakuwa na shaka hata chembe kwamba baba yake alikuwa akisoma; hata ndege alipoleta kitu kingine badala ya kijiko, aliambiwa ni ukurasa mwingine, akaridhika. Wala hapakuwa na kitu duniani ambacho Fundi Cheche alikiogopa kama siku ambayo mtoto angejua.

Aliijua aibu, walikuwa wamekutana zamani. Mteja mmoja aliwahi kumpa karatasi yenye jina la nyumba yake, akataka herufi za chuma juu ya geti. Fundi Cheche alilala na karatasi ile, akaamka nayo, akachora kila herufi kwa chaki sakafuni, akakata, akachomelea. Kazi safi, haina hata donge. Geti likasimamishwa, na aliyekuwa barabarani akaliona jina limegeuka nyuma mbele, kama linaloonekana kwenye kioo, maana alikuwa amelichomelea geti likiwa limelala kifudifudi. Aliyekaa uani ndiye aliyelisoma vizuri kabisa. Majirani walicheka wiki nzima. Tangu hapo mteja akitaja maandishi, Fundi Cheche alikuwa na jibu moja: "Nina kazi nyingi, nenda kwa jirani yangu."

Siku mbili baada ya kesi ya tembo, Dada Ustawi akatokea karakanani.

"Fundi, habari za kazi?"

"Nzuri, dada. Karibu, usikanyage hapo, chuma bado cha moto."

"Geti letu la kituo limeachia bawaba. Watoto wanalining'inia kama nyani. Naomba uje."

Akaja siku ile ile, akapima, akachora alama zake kwa chaki kwenye kiganja cha mkono, kama kawaida yake. Bawaba ilikuwa kazi ya nusu saa. Alipomaliza, Dada Ustawi akamletea karatasi. "Nisainie hapa tu kwamba umemaliza kazi. Na hapa juu uandike umefanya nini."

Fundi Cheche akajipapasa mfuko wa shati, akajipapasa wa suruali. "Lo! Miwani nimeisahau nyumbani, dada. Bila miwani mimi kipofu. Andika tu wewe."

"Pole," Dada Ustawi akasema. Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe, taratibu, bila kumwangalia. Kisha akasema, kama anayezungumza na karatasi: "Fundi, yule tembo fundi bomba ametugombanisha. Mwalimu ameshindwa. Watoto ishirini na wawili wamekataa tembo aliyepotea njia, wanamtaka wa binti yako. Mimi mwenyewe nimehadithiwa na Wakili pale kwenye mizani, nikasahau kumpima. Lile la spana na kijiko ulilitoa wapi?"

Fundi Cheche alijua amekamatwa. Akaanza kukusanya vifaa vyake, tupa, msumeno, nyundo, akivitupa ndani ya begi kama vimemkosea. "Kama umeniita kunicheka, dada, ungenicheka bila kuvunja bawaba."

"Bawaba ilivunjika yenyewe," Dada Ustawi akasema. "Na sijacheka. Niko hapa kazini miaka minne, na kila wiki napita nyumbani kwa watu waliosoma, wenye vitabu kabatini, na mtoto hajasimuliwa kitu. Wewe huna herufi hata moja, na mtoto wako anajua hadithi ina mwanzo, ina kati na ina mwisho. Hiyo kazi ngumu umeshaifanya, fundi. Iliyobaki ni ndogo. Nyuma ya ukuta ule, Jumanne na Alhamisi, saa tisa."

Fundi Cheche akaangalia ukuta wa mbao. Nyuma yake alisikia watu wakisoma kwa pamoja, sauti nzito na nyembamba, kama kwaya isiyofanya mazoezi.

"Wakili yuko upande huu," akasema polepole. "Atanisikia."

"Ukitaka asijue, hatajua kwetu. Siku ya kumwambia utaichagua mwenyewe."

Ndivyo Fundi Cheche alivyoanza shule, akiwa na mvi tatu kidevuni, kwa kupitia mlango wa nyuma. Ili Wakili asimshuku, alikuja na begi la vifaa, na akimkuta dirishani alisema amekuja kutengeneza kitu. Mtoto akauliza, kitu gani? Ikabidi kiwepo. Mwezi wa kwanza akanyoosha miguu ya madawati yote. Mwezi wa pili akarekebisha makomeo ya madirisha, reli ya pazia, mpini wa sufuria ya uji. Mwisho kituo kizima hakikubaki na kitasa kibovu, na mwalimu wa watu wazima, kijana mpole aliyetoka chuoni majuzi, akawa anavunja vitu kwa makusudi ili mwanafunzi wake apate sababu ya kuja.

Darasani alikaa na Mama Vitunguu, muuza vitunguu wa sokoni, mwanamke mwenye sauti ya kuita wateja kutoka upande wa pili wa barabara. Mjukuu wake alikuwa chumba kile kile cha Wakili.

"Mwanangu," alimwambia siku ya kwanza, "hiyo penseli si nondo. Ukiikamata hivyo itaomba msamaha."

"Mama, mkono wangu haujazoea kitu chepesi."

"Wa kwangu je? Umezoea gunia. Tazama," akamwonyesha herufi yake, kubwa, imelala ubavu. "Mwalimu anasema ni herufi ya kwanza ya jina langu. Mimi naona mlevi amelala mtaroni. Lakini wangu huyu, nampenda."

Na walicheka kwa sauti ndogo, mikono midomoni, kwa sababu ya ukuta ule wa mbao.

Haikuwa rahisi. Siku nyingine herufi zilikataa kabisa kukaa. Zilitetemeka, zilipandana, na Fundi Cheche alitoka kichwa kinamgonga, akiamini kwamba akili yake imeshapitwa na wakati kama mashine ya zamani isiyopata vipuri. Alhamisi moja akamwambia mwalimu basi, imetosha, si kila chuma kinakubali kuchomelewa. Mwalimu hakubishana. Alitoka, akarudi na Dada Ustawi.

"Kesho anakuja mtaalamu wa macho," Dada Ustawi akasema. "Huja mara moja kwa mwezi kuwapima watoto na wazazi. Kaa kwenye foleni."

"Mimi sijui kusoma kile kibao chao."

"Hakisomwi. Kina alama kama uma wa meno matatu. Unaonyesha kwa kidole meno yanaangalia wapi. Basi."

Fundi Cheche akapanga foleni nyuma ya watoto, vichwa vyao vikimfikia kiunoni. Akaonyesha kidole juu, kidole chini, kidole kushoto, na mstari wa nne uma wote ukawa ukungu. Mtaalamu akamvalisha fremu ya kujaribia, akabadilisha kioo, akabadilisha tena. Miaka ishirini ya kuangalia moto wa mashine, mara nyingi bila kile kioo cheusi cha kujikinga, ilikuwa imechukua haki yake. Kioo cha tatu kilipoingia, uma ukasimama wima, mweusi, safi, na meno yake yote matatu.

Wiki mbili baadaye akapewa miwani. Alipoivaa mara ya kwanza darasani, Mama Vitunguu alimtazama, akakumbuka hadithi ya siku ya bawaba, maana Fundi Cheche alikuwa ameshamsimulia.

"Sasa ukisema umesahau miwani," akasema, "angalau hutakuwa unadanganya."

Kila mtu alicheka, na Fundi Cheche zaidi ya wote. Lakini ndani yake alikuwa na kitu kingine, kizito na kitamu, ambacho alishindwa kukipa jina. Miaka yote ile alikuwa amejitukana mjinga, na nusu ya ujinga ule ilikuwa macho tu. Na kulikuwa na watu waliokataa kumwamini alipojitukana.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Alianza kusoma mabango barabarani, kimoyomoyo, kama mtu anayeokota njugu njiani. Alisoma duka la dawa. Alisoma usimwage taka hapa, akacheka, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amemwaga taka pale miaka sita. Kisha, mwezi wa sita, mwalimu akawatangazia desturi ya kituo. Kila anayemaliza husoma kitabu kimoja mbele ya watu, na anamsomea mtu mmoja wa nyumbani kwake, aliyekaa kiti cha mbele. Mama Vitunguu alimchagua mjukuu. Fundi Cheche akaulizwa, akasema Wakili, kabla hajafikiri. Akaulizwa kitabu gani, akasema kile cha tembo.

Jumanne iliyofuata, kwa mara ya kwanza, alikisoma peke yake, kidole chini ya kila neno. Tembo alisahau njia ya kwenda kwao. Mama yake alikuwa amemtuma maji, na sasa ndoo ilikuwa mkononi na njia haionekani. Aliona haya kuuliza. Alisema, mimi ni mkubwa hivi, nitaulizaje? Akatembea, akatembea. Akamkuta sungura analia, kumbe naye amepotea. Mvua ikanyesha, ikajaza ndoo. Ndege akatua, akasema, mbona hamkuuliza? Njia ni ile pale.

Fundi Cheche akafunga kitabu. Akavua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Hapakuwa na bomba. Hapakuwa na spana, wala kijiko, wala karoti. Maji yale yote yalikuwa mvua tu.

Akaelewa alivyojifunga mwenyewe. Akisoma kilichoandikwa, Wakili atajua papo hapo, mbele ya watu wote, kwamba baba yake alimdanganya kila jioni. Akisimulia ya fundi bomba, mtoto atapiga makofi, na miezi sita ya mwalimu, na miwani, na Dada Ustawi, vyote atakuwa amevitupa mtaroni.

Jumapili, mchana, alikuwa akimsaidia mke wake kukunja mashuka ya nyumbani. Mama Wakili alikunja kama anavyokunja kazini, pembe kwa pembe, bila mkunjo hata mmoja, na mume wake alishika upande wa pili na kufuata amri.

"Mama Wakili," akasema, "kuna jambo sijakwambia."

"Kwamba unasoma pale kituoni? Vuta huko, limelegea."

Shuka likamponyoka. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mtu gani anakwenda kutengeneza vitasa mara mbili kwa wiki na kurudi na wino kidoleni?" Akaokota pembe, akamrudishia mkononi. "Na kusoma hukujua, hilo nalijua tangu tunaoana. Kila jioni niko jikoni nasikia unamsomea mtoto, na kila jioni yule ndege analeta kitu kingine. Juzi kijiko, jana mwiko. Kitabu gani hicho kinachobadilika chenyewe?"

"Na hukusema."

"Nilikuwa nasikiliza." Akatabasamu, akakunja. "Siku nyingine niliacha mboga iungue, nisikose mwisho."

Fundi Cheche akavuta pembe yake ya shuka. Akamweleza habari ya tembo aliyepotea njia, na kiti cha mbele, na kwamba atakapofungua mdomo mtoto wake atamwona mwongo. Mama Wakili aliweka shuka juu ya lundo, akalipapasa.

"Mimi sitakuchagulia," akasema. "Ila yule ni Wakili, baba Wakili. Usimpe ushahidi nusu."

Siku ikafika. Walisogeza ukuta wa mbao pembeni, vyumba viwili vikawa kimoja, madawati yaliyonyooshwa miguu yakajaa wazazi na watoto. Mama Vitunguu akasoma kwanza, kwa sauti ya sokoni, mjukuu akaziba masikio na kucheka, na alipomaliza yule mama mkubwa akalia machozi bila kujificha. Kisha akaitwa Fundi Cheche.

Wakili alikuwa kiti cha mbele, gauni limepigwa pasi, miguu haifiki chini. Alipoona kitabu alichoshika baba yake, akamgeukia mtoto wa jirani. "Sasa mtasikia chenyewe," akasema. "Sasa mwalimu atajifunza."

Fundi Cheche akavaa miwani. Akafungua kitabu kwa mikono yote miwili. Akasoma.

"Tembo... alisahau... njia ya kwenda kwao."

"Baba!" Wakili akasimama juu ya kiti. "Na wewe umekosea! Umesoma kama mwalimu!"

Ukumbi ukacheka, kicheko chema, lakini Fundi Cheche hakucheka. Mwalimu wa watoto aliangalia chini. Dada Ustawi, ukutani, alikuwa amekunja mikono na hakusogea. Njia mbili zilikuwa mbele yake, na moja ilikuwa rahisi mno. Angeweza kusema, samahani mwanangu, nimekosea. Ndege, spana, kijiko. Kila mtu angecheka tena, na wangekwenda nyumbani.

Akapiga goti, uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Hapana, mwanangu. Leo ndiyo nimepatia. Siku zote zile nilikuwa sijui kusoma. Nilikuwa naangalia picha, natunga. Nilikuficha kwa sababu niliona haya. Kusoma nimejifunza hapa, nyuma ya ule ukuta, wewe ukiwa upande huu. Vile vitasa vilikuwa kisingizio."

Juu, mabati yalisikika yakitanuka kwa jua. Wakili alimtazama baba yake. Akaitazama miwani. Alikuwa na ule uso wa siku ya muuza maziwa.

"Kwa hiyo kwenye kitabu fundi bomba hayupo."

"Hayupo."

"Na ndege wa kijiko?"

"Ndege yupo. Kijiko hakipo."

"Ulivitoa wapi?"

"Kichwani mwangu."

"Mwenyewe? Hukusaidiwa na mtu?"

"Mwenyewe."

Wakili akafikiri. Kisha akageuka, palepale juu ya kiti, akamtafuta mwalimu wake kwa macho mpaka akampata.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "naomba radhi. Kumbe unajua kusoma."

Mwalimu wa watoto akajifunika uso kwa kitabu cha mahudhurio. Watu walicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Mama Vitunguu akapiga meza. Lakini Wakili alikuwa hajamaliza. Aliweka mikono yake midogo kwenye mashavu ya baba yake, yenye makovu ya cheche, akasema kwa sauti ya chini, ambayo waliokaa mbele tu waliisikia:

"Ya kwako ni nzuri zaidi. Lakini soma hii. Nataka kujua kama alifika."

Akakaa. Fundi Cheche akasimama, akaanza upya. Alisoma polepole, akikwama hapa, akirudi pale, na kila alipokwama mtoto alisubiri bila kumsaidia, magoti yameungana, kama mtu anayemngoja mwenzake afunge kamba ya kiatu. Tembo aliona haya kuuliza. Tembo akatembea, akatembea. Ndege akatua. Na mwishowe tembo akafika kwao na ndoo imejaa, mama yake akauliza, mwanangu, mbona umechelewa? Naye akajibu, nilichelewa, mama, lakini maji haya hapa.

Makofi yalipokwisha, akaambiwa aseme neno. Akamtazama kijana aliyevunja vitasa kwa ajili yake. Akamtazama Dada Ustawi, na mke wake mlangoni, bado na sare ya kazi, maana alikuwa ameomba ruhusa ya kutoka mapema.

"Sina maneno," akasema.

"Unayo!" Mama Vitunguu akafoka. "Miezi sita tumekaa humu unafundishwa maneno! Toa!"

"Basi asanteni," Fundi Cheche akasema, akicheka na kulia. "Hilo najua hata kuliandika."

Jioni ile walikaa kizingitini kama kawaida, jua bado lipo ukutani. Fundi Cheche alinyoosha mkono achukue kitabu cha tembo. Wakili akakiweka kando. Akaleta daftari jipya, lile alilopewa baba yake siku hiyo pamoja na cheti, na penseli iliyochongwa.

"Andika ya kwako," akasema, "ili mwalimu naye aweze kuisoma."

"Ndefu hiyo, mwanangu."

"Andika kidogo kidogo."

Akainama. Penseli haikuwa nondo tena, lakini haikuwa nyepesi pia. Aliandika neno la kwanza, akalitazama, akaandika la pili. Jikoni Mama Wakili alipunguza moto ili sufuria isichemke kwa kelele. Tembo mmoja, fundi bomba. Mstari ulipanda kidogo upande wa kulia, kama geti lisilowekwa sawa, naye akauacha.

"Bado hujamaliza?" Wakili akauliza.

"Bado, mwanangu."

"Haya," mtoto akasema, akamwegemea begani. "Nasubiri."